Unataka kuhamia Muthara? Ijue kwanza kabla ya kufunga mizigo

Na Mwandishi Wetu

MANENO ya kuhama jiji hayakosi katika nyumba nyingi za Nairobi. Huanza jioni, wakati wa chakula. Baba ametoka kulipa kodi ya nyumba, mama amerudi kutoka sokoni na kikapu nusu, nao watoto wameleta barua ya karo. Mmoja wa wazazi huuliza, "Tunang'ang'ania nini hapa?" Kutoka hapo mazungumzo husafiri mbali, mpaka kwenye nyumba yenye ua, ng'ombe wa maziwa, migomba, na maji ambayo hayaletwi na mkokoteni.

Wengine huhama bila kupenda. Mwalimu hupewa barua ya uhamisho, muuguzi huajiriwa na kaunti, polisi hutumwa katika kituo kipya, na mhubiri hupangiwa kanisa asilolijua. Yuko mtumishi wa serikali anayestaafu akiwa na umri wa miaka 60, mkononi ana malipo ya uzeeni ambayo hatayapata mara ya pili. Yuko pia msichana aliyezaliwa Buruburu, akalelewa Buruburu, kisha akaolewa na kijana wa Kitigania ambaye kila Krismasi humwambia, "Mwaka ujao tutajenga kwetu."

Watu wa aina hii ndio wanaouliza habari za Muthara, mji mdogo ulio chini ya milima ya Nyambene, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. Wengi huuliza wakiwa wamechelewa. Huuliza wakati shamba limekwisha nunuliwa, watoto wamekwisha kutolewa shuleni, na lori limekwisha lipiwa.

Kwa maoni yetu, Muthara ni mahali pema kwa anayepajua na mahali pagumu kwa anayepabahatisha. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini ikiwa ni lazima uuache mbacha wako, basi nenda kwanza ukauone huo msala, uushike kwa mkono, na uulize ni wa nani.

MUTHARA NI WAPI?

Muthara uko katika kaunti ya Meru, eneo bunge la Tigania Mashariki, lenye wadi tano: Muthara, Mikinduri, Karama, Kiguchwa na Thangatha. Ukimsikia mzee akisema "Nyambene" au "Meru Kaskazini", usidhani amepotea. Katika miaka ya 1990 sehemu hizi zilitengwa na wilaya kubwa ya Meru zikawa wilaya yao. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, watu wa Tigania, Igembe na Imenti walijikuta tena chini ya paa moja, lakini majina ya zamani hayakufa.

Kutoka Nairobi, magari ya kwenda Meru na Maua hupakia abiria Tea Room na barabara za karibu. Njia inayotumiwa na wengi hupitia Thika, Embu na Chuka, mwendo wa kilomita 225 hivi hadi mji wa Meru. Njia nyingine huzunguka Mlima Kenya kwa upande wa Nanyuki na Timau. Ukifuata njia ya Embu utakutana na mteremko wa daraja la Nithi, baada ya Chuka, mahali ambapo abiria wengi wamepoteza maisha kwa miaka mingi. Julai 2022, basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki. Familia itakayokuwa ikisafiri mara kwa mara kwenda kuwaona jamaa jijini haina budi kulifikiria jambo hili, na kuchagua gari la mchana lenye dereva asiyeshindana na wenzake.

Ukifika mjini Meru, safari bado. Unashika barabara ya Maua, unapita Nchiru, unapita Kianjai, kisha unafika Muthara. Mbele yake kuna Kangeta na Maua. Katika barabara hii utakutana na magari madogo ya mizigo yanayokwenda kwa kasi ya kutisha, yakiwa yamebeba magunia. Hayo ni magari ya miraa. Mfundishe mtoto wako wa mjini, anayedhani barabara ya mashambani ni uwanja wa kuchezea, kwamba gari la miraa halingoji mtu.

SURA MBILI ZA ARDHI MOJA

Mgeni anayefika Muthara mwezi wa Novemba hurudi Nairobi akiimba. Ameona udongo mwekundu uliotokana na volkeno za kale, migomba mizito, viazi vikuu vimetambaa juu ya miti, mahindi na maharagwe chini yake, na ukungu umelala juu ya Nyambene. Akirudi mwezi wa Septemba, huenda asiamini kwamba ni mahali palepale. Vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, na akina mama wamepanga mitungi kwenye bomba wakingoja zamu.

Mvua za huku huja mara mbili kwa mwaka: kati ya Machi na Mei, na kati ya Oktoba na Desemba. Kwa watu wa mashariki ya Mlima Kenya, mvua za mwisho wa mwaka ndizo zinazotegemewa zaidi. Zikikosa hizo, njaa hubisha hodi.

Isitoshe, Muthara umekaa mpakani mwa hali mbili za hewa. Upande mmoja ardhi inapanda kuelekea Nyambene, kwenye baridi, chemchemi na mashamba ya chai ambayo majani yake hupelekwa katika viwanda kama kile cha Michimikuru. Upande mwingine ardhi inateremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo, kwenye miiba, mbuzi na jua kali. Mashamba mawili yanayouzwa na broka mmoja, yote yakiitwa "shamba la Muthara", yanaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Moja litakulisha, na jingine litakudai maji kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenyeji ni maji. Usiridhike na kuonyeshwa bomba. Uliza linatoa maji siku ngapi kwa wiki, na katika mwezi wa Septemba linatoa nini. Uliza maji hayo yanatoka katika mradi wa nani, kwa kuwa sehemu nyingi za mashambani hupata maji kupitia miradi ya wanakijiji wenyewe, ambayo ina wanachama, ada na kamati. Mgeni hujiunga kwa utaratibu, na pengine kwa kungoja. Mkazi wa Umoja aliyezoea kulalamikia mgao wa maji atagundua kwamba tangi kubwa na mifereji ya kukinga maji ya paa ni vitu vya kununua kabla ya makochi.

Upande wa nyanda kavu una jambo jingine la kuuliziwa. Mpaka wa Meru na Isiolo umekuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya malisho na ardhi, na wizi wa mifugo umewaliza watu wa pande zote mbili. Hii haina maana kwamba Muthara mjini watu hawalali. Maana yake ni kwamba anayetaka kufuga mifugo huko chini aulize kwanza majirani wanafugaje, na usiku mifugo hiyo hulala wapi.

MTI UNAOLISHA NA KULIZA

Huwezi kuielewa Muthara bila kuielewa miraa. Karo hutoka kwenye miraa, nyumba ya mawe hutoka kwenye miraa, na sadaka ya Jumapili, hata kanisa lisilopenda mti huo, mara nyingi imepitia kwenye miraa. Watu wa Nyambene wameukuza tangu zamani za mababu. Miti mizee huitwa mbaine, na humletea mwenyewe heshima kijijini. Katika desturi za ndoa kuna kitita maalumu kiitwacho ncoolo, ambacho hupelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa. Kijana wa mjini anayedhani miraa ni mambo ya madereva wa magari ya usiku tu atashangaa kuiona mezani mwa wakwe.

Biashara yenyewe ina lugha yake. "Kilo" ya miraa haipimwi kwa mizani. Ni hesabu ya vifungu vilivyofungwa pamoja. Majani hufungwa kwa majani ya mgomba yasikauke, kwani baada ya siku mbili au tatu huwa hayana thamani. Ndiyo sababu magari yale yanakimbia.

Mgeni anapaswa kujua kwamba uchumi wa mahali hapa hutegemea maamuzi yanayofanywa mbali sana. Mnamo Januari 2013, Uholanzi ilipiga marufuku miraa. Juni 24, 2014, Uingereza ikafuata. Soko likabaki kuwa Somalia na masoko ya hapa nchini. Mwezi Machi 2020, Somalia ikasimamisha ndege za miraa, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Mwezi Mei 2024, kaunti za Pwani zilitangaza kuipiga marufuku muguka, nduguye miraa unaokuzwa Mbeere katika kaunti ya Embu, na wakulima wa Embu wakapata hofu ileile ambayo wenzao wa Nyambene walikuwa wameionja.

Haya yanamhusu vipi mwalimu anayehamia Muthara kufundisha hesabu? Yanamhusu sana. Soko la miraa likianguka, wazazi hukosa karo, mwenye duka huongeza madeni katika daftari lake, fundi wa nguo hukaa bila kazi, na kinyozi hunyoa watu wachache. Soko likipanda, fedha humiminika kwa ghafla na bei za vitu nazo hupanda. Ikiwa unapanga kufungua duka, kibanda cha chakula au shule ndogo ya watoto, usipige hesabu kwa mwezi mmoja ulioona watu wana fedha. Waulize wenye maduka jinsi walivyoishi kati ya Machi 2020 na Julai 2022. Majibu yao yatakufundisha zaidi kuliko karatasi ya broka.

SHAMBA: HAPA NDIPO WENGI HULIA

Mstaafu akishapokea malipo yake, mabroka humjua hata kabla ya mkewe. Huambiwa kuna shamba la ekari moja na nusu, lina miraa iliyokwisha komaa, mwenyewe ana shida ya haraka, na yuko mnunuzi mwingine anayekuja kesho. Huyo mnunuzi wa kesho hajawahi kuonekana na mtu.

Kitu cha kujua mapema ni kwamba si kila shamba katika Tigania na Igembe lina hati ya kumiliki. Shughuli ya kupima mashamba na kuamua ni ya nani ilianza zamani sana katika Meru, na katika sehemu nyingi za kaskazini imekokota miguu kwa makumi ya miaka kwa sababu ya kesi na ugomvi wa koo. Shamba lililo chini ya shughuli hiyo lina nambari tu katika kitabu cha afisi ya upimaji. Chini ya sheria ya mwaka 1968, kitabu hicho kikikamilika huwekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye malalamiko ayalete, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufani kwa waziri katika siku 60 nyingine. Rufani hizo zinaweza kuchukua miaka mingi. Anayenunua nambari ambayo ina malalamiko huwa amenunua kesi.

Shamba lenye hati nalo lina utaratibu wake. Kwanza fanya upekuzi katika afisi ya usajili wa ardhi uone jina la mwenyewe na kama kuna mkopo au zuio lolote. Pili, mwite mpimaji akuonyeshe mipaka, na majirani wa pande zote wawepo. Tatu, nenda mbele ya bodi ya ardhi. Sheria ya kusimamia mashamba ya kilimo husema ombi la idhini lipelekwe katika miezi sita tangu mlipokubaliana, na bila idhini hiyo mapatano yenu ni bure. Mara nyingi bodi hutaka mke wa muuzaji na watoto wake wakubwa wafike. Usiuone huo kuwa usumbufu. Mke anayelia mbele ya bodi anakuokoa usije ukafukuzwa na wanawe baada ya miaka kumi.

Kuna jambo jingine la Nyambene ambalo mtu wa mjini hawezi kulikisia. Shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na mavuno ya miti yake yakawa ya mwingine, kwa sababu wakulima wengine huikodisha miti yao kwa wafanyabiashara wanaolipa mbele. Basi ukiona miraa imenawiri, uliza imekodishwa kwa nani na mpaka lini. La sivyo utaamka asubuhi ya kwanza ukute vijana wamo juu ya miti yako wakichuma, nao wana haki.

Wazee nao wana njia zao. Ugomvi wa mipaka ukishindikana, watu wa huku wamezoea kuapishana kiapo cha nthenge, yaani beberu, na huogopwa kuliko hakimu. Mtu anaweza kusema uongo kortini akaenda nyumbani akalala, lakini akakataa katakata kuapa mbele ya beberu. Kwa mnunuzi, hilo ni funzo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, wafikie wazee wa ukoo wa muuzaji na uwaulize kwa adabu kama shamba hilo lina maneno. Mzee akinyamaza kwa muda mrefu, huo nao ni ujumbe.

WENYEJI NA DESTURI ZAO

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni naye ana wajibu. Watigania ni tawi mojawapo la Wameru, pamoja na Waimenti, Waigembe, Watharaka na wengineo. Kimeru chao kinatofautiana kidogo na kile cha mjini Meru, na wao hujivunia tofauti hiyo. Kiswahili kitakufikisha sokoni, hospitalini na katika afisi za serikali. Hata hivyo, anayejifunza kusalimu kwa "muga" na kushukuru kwa "ibwega" hufunguliwa milango ambayo fedha haziifungui.

Baraza la wazee liitwalo Njuri Ncheke bado lina sauti kubwa. Makao yake yako Nchiru, kwenye barabara hiyohiyo uliyopita ukienda Muthara, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa hapo Nchiru pia. Chuo hicho kilipata idhini ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wanafunzi wanaotoka Nairobi, Kisumu au Mombasa kwenda kusoma hapo hufaidika wakilijua baraza hilo kabla hawajakejeli wazee wanaopita na fimbo zao. Katiba ya mwaka 2010 inatambua njia za jadi za kutatua ugomvi, alimradi hazivunji haki wala sheria.

Kwa wazazi wenye watoto wa kiume, yafaa kujua kwamba tohara katika Meru ni jambo zito. Kijana akishatahiriwa, huacha kulala katika nyumba ya mama yake. Hapo kale aliingia gaaru, nyumba ya vijana, na hadi leo familia nyingi humjengea chumba chake peke yake. Mtoto wako atawaona wenzake wa shule wakibadilika katika likizo moja, wakianza kuitwa wanaume. Zungumza naye mapema ili asijione amebaki nyuma, na ili aamue pamoja nawe, badala ya kuamuliwa na kundi.

Kwa wazazi wenye mabinti, historia ina la kusema. Mwaka 1956, Njuri Ncheke likiwa chini ya serikali ya mkoloni lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wengi wa Meru walikaidi wakakeketana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Tukio hilo linaonyesha kwamba amri ya wakubwa peke yake haibadilishi nyoyo. Tangu mwaka 2011 sheria ya Kenya inaharamisha kitendo hicho bila kubakisha nafasi yoyote, na mzazi ana haki ya kulisema hilo wazi kwa jamaa yeyote, awe shangazi au mkwe.

WATOTO WATASOMA WAPI?

Hili ndilo swali ambalo akina mama huuliza kwanza na akina baba hulijibu mwisho. Shule zipo, za serikali na za makanisa, na wako watoto wa huko waliofika mbali. Lakini mtoto wa Nairobi anaweza kupata taabu mbili.

Ya kwanza ni lugha. Mpango wa elimu nchini huruhusu watoto wa madarasa ya chini mashambani wafundishwe kwa lugha ya wenyeji. Mtoto wa miaka saba anayejua Kiswahili, Kiingereza na Sheng pekee atakaa darasani siku za kwanza kama bubu. Watoto hujifunza upesi, na katika muhula mmoja au miwili huenda akaanza kuwafundisha wazazi wake. Hata hivyo, mwalimu ajulishwe mapema, na mtoto asipigwe wala kuchekwa.

Ya pili ni miraa. Matawi ya mti huo ni membamba na huvunjika, kwa hiyo wachumaji wepesi hupendwa. Mvulana wa miaka 13 anaweza kutia mfukoni fedha zake mwenyewe kabla ya kengele ya shule kulia. Walimu na viongozi wa Meru wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wavulana huacha masomo kwa sababu hiyo. Mtoto wa mgeni hana kinga. Pengine yeye ndiye huvutwa zaidi, kwa vile anatafuta marafiki. Unapozuru shule, hesabu wavulana na wasichana katika darasa la mwisho. Ikiwa wavulana ni wachache kupita kiasi, muulize mwalimu mkuu wamekwenda wapi, na shule inafanya nini juu yao.

Kuhusu matibabu, Muthara una hospitali ndogo ya serikali, na kwa ugonjwa mkubwa watu huenda Maua, kwenye hospitali ya kanisa la Methodisti ambayo wazee wanaikumbuka tangu enzi za ukoloni, au mjini Meru. Mama mjamzito, mzee wa kisukari na mtoto wa pumu hawahami bila kujua gari gani litawabeba saa nane za usiku mvua ikinyesha. Tafuta nambari ya mwenye gari kabla ya kutafuta nambari ya fundi wa televisheni.

ZIARA TATU

Ushauri wetu kwa familia ni kufanya ziara tatu kabla ya kuamua. Nauli za ziara hizo ni ndogo zikilinganishwa na hasara ya kurudi jijini mikono mitupu.

Ziara ya kwanza ifanywe wakati wa kiangazi, Agosti au Septemba. Kazi yake ni kuangalia maji, vumbi, malisho na bei ya chakula. Atakayependa Muthara mwezi wa Septemba ataipenda mwaka mzima.

Ziara ya pili ifanywe wakati wa mvua, Novemba hivi. Toka kwenye lami, uingie kwenye vijia vya udongo mwekundu, uone kama gari linaweza kufika kwenye hiyo nyumba au shamba, na mtoto atakanyaga nini akienda shule. Lala huko usiku mmoja, ujue baridi yake.

Ziara ya tatu iwe ya familia nzima, na isiwe ya kukimbia. Fikeni siku ya soko, mlale, mwende kanisani au msikitini Jumapili au Ijumaa, mkae na jirani mtarajiwa mnywe chai. Watoto wacheze na watoto wa huko. Ukiwa na nafasi, wapeleke mbele ya Maua hadi Mbuga ya Wanyama ya Meru, ambako Joy na George Adamson walimrudisha porini simba Elsa, wapate kujua kwamba mashambani nako kuna ya kusimulia shuleni.

Baada ya ziara hizo, usinunue bado. Panga nyumba Muthara mjini kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja utakuonyesha misimu yote, utakujulisha mkweli na mwongo, na utakuwezesha kulichunguza shamba bila haraka. Kodi ya mwaka mmoja katika mji mdogo haiwezi kufikia bei ya shamba lenye kesi.

Mwisho, uamuzi huu ni wa watu wawili. Katika nyumba nyingi baba huenda peke yake, huonyeshwa peke yake, hulipa peke yake, kisha humleta mkewe kuona kilichokwisha kamilika. Mama huyo ndiye atakayeamka kuteka maji, atakayempeleka mtoto hospitalini usiku, atakayeomba chumvi kwa jirani ambaye lugha yake haijui. Akikataa kukaa, shamba hilo hata likiwa na hati safi litakuwa pori. Basi, bwana, siku ukipanda gari pale Tea Room kwenda kuiangalia Muthara, kata tikiti mbili. Mengi ambayo macho yako hayataona, mwenzako atayaona kabla hamjashuka garini.